Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyeingia ndani ya kizimba cha umeme

Ukivua sweta ya nailoni gizani katika usiku mkavu wa Juni au Julai, utaisikia inatatarika, na pengine utaona cheche ndogo za rangi ya samawati. Huo ni umeme. Haukutoka TANESCO wala kwenye sola. Umetokana na nguo kusuguana na mwili. Wataalamu huuita umeme tuli, kwa sababu hukaa pale ulipo ukingoja njia. Ukiipata njia, unaruka mara moja. Na kama njia yenyewe ni ncha ya kidole chako inayogusa tundu la chaji la simu, au pini za bodi ndogo inayopima maji kwenye tenki, cheche ambayo wewe hata hukuisikia inaweza kuwa imeiua bodi hiyo.

Bodi za namna hii zimeenea kuliko tunavyodhani, hapa Chuno na vijijini pia. Zimo ndani ya kidhibiti chaji cha sola, ndani ya king'amuzi, ndani ya mizani ya kidijitali. Mafundi simu wanalijua tatizo hata kama hawaliiti kwa jina. Kifaa kinaingia dukani na kasoro ndogo tu, kinafunguliwa, kinashikwashikwa, kinafungwa, na hakiwaki tena. Mteja anadai fundi kabadilisha kitu ndani. Fundi anaapa hakubadilisha chochote. Mara nyingine wote wawili wana haki: kweli kimekufa mikononi mwa fundi, na kweli fundi hakufanya kosa analolijua.

Mtu aliyetufundisha umeme wa aina hiyo hukaa wapi, na unazuiwaje usiingie ndani ya kitu, alifariki mwaka 1867, kabla hata taa ya umeme haijaingia majumbani. Anaitwa Michael Faraday. Leo tunasimulia maisha yake, na tutasimama njiani mara mbili tatu kuangalia bodi zetu.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 huko Newington, pembezoni mwa London ya wakati huo. Baba yake, James, alikuwa mhunzi aliyehamia kutoka kaskazini mwa Uingereza, mtu wa kuugua mara kwa mara, na mhunzi mgonjwa hawezi kuinua nyundo. Mwaka 1801 chakula kilipanda bei sana. Michael, akiwa mtoto wa miaka tisa, alikuwa akipewa mkate mmoja ambao ilibidi umfikishe wiki nzima. Shule aliipata kidogo tu: kusoma, kuandika na hesabu za msingi. Hesabu za juu hakuzijua mpaka anakufa, na jambo hilo tutalirudia mbele.

Alipofika miaka 13 alianza kutumwa na muuza vitabu mmoja, George Riebau, kupeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akachukuliwa kuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, kwa mkataba wa miaka saba. Kitabu kilicholetwa kujalidiwa alikisoma kabla mwenyewe hajakifuata. Alisoma habari za umeme katika ensaiklopidia ya Britannica, na kemia katika kitabu cha Bibi Jane Marcet, kilichoandikwa kwa ajili ya watu wasio wanasayansi. Kisha akajitengenezea mashine ndogo ya umeme tuli kwa chupa ya kioo. Chupa inazungushwa huku inasuguliwa, na cheche zinatoka. Kwa maneno mengine, alianzia palepale kwenye sweta ya nailoni.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa na jina kubwa London, akitoa mihadhara katika Royal Institution. Faraday aliandika kila alichosikia, akachora vifaa alivyoviona, akayajalidi maandishi hayo yakawa kitabu kamili, akampelekea Davy mwenyewe. Mimi napenda sana sehemu hii. Kijana hakuwa na cheti wala mjomba ofisini, akatanguliza ile kazi aliyokuwa anaijua. Davy alimpokea vizuri lakini nafasi haikuwepo. Miezi michache baadaye msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na Machi 1813 Faraday akaajiriwa akiwa na miaka 21.

Oktoba ya mwaka huohuo Davy alianza safari ndefu ya Ulaya na akamchukua. Mtumishi wa Davy alikataa kusafiri, kwa hiyo kijana wa maabara akaongezewa kazi ya nguo na mizigo. Mke wa Davy alimfanya mtumishi kabisa, hata kwenye chakula hakutaka akae nao. Faraday alikaribia kuacha kazi arudi kwenye kujalidi vitabu. Lakini katika safari hiyo alionana na Volta, ambaye jina lake ndilo volti iliyoandikwa kwenye betri yako, na Ampère, mwenye ampea. Alirudi London mwaka 1815 akiwa amewaona kwa macho watu ambao wengine waliwasoma tu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi nyingi za kemia. Mwaka 1821 alimuoa Sarah Barnard, na mwaka huohuo akaufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku bila kukoma, mwanzo wa mota zote. Sifa zikaanza kumpita bosi wake. Jina lake lilipopelekwa Royal Society, Davy, aliyekuwa rais wa chama hicho, alipinga. Faraday alichaguliwa hata hivyo, Januari 1824.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma, akazungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, nyaya hizo zisigusane. Alipounganisha betri upande wa kwanza, sindano ya kipimo upande wa pili iliruka, kisha ikatulia. Alipoikata betri, sindano ikaruka tena kuelekea upande mwingine. Umeme ulikuwa umevuka bila kugusa, lakini kwa kitambo kidogo tu, pale ambapo kitu kilikuwa kinabadilika. Betri ikikaa kimya, hakuna kinachovuka. Kanuni hiyo ndiyo inayozungusha mitambo yetu ya Mtwara inayotumia gesi ya Mnazi Bay.

Kanuni hiyohiyo ina upande wa hasara. Fikiria mkulima aliyevuta waya mita 200 kutoka kwenye bodi nyumbani mpaka kwenye tenki shambani. Radi inapiga mwembe ulio mbali na waya huo. Haikugusa waya hata kidogo. Lakini mkondo mkubwa umepita na kukoma kwa kufumba na kufumbua, na waya ule mrefu unafanya kama upande wa pili wa pete ya Faraday: sindano inaruka. Safari hii hakuna sindano, kuna pini ya bodi. Ndiyo maana mafundi wazuri husokota nyaya mbili za kipimo pamoja kama kamba, ili kinachoingia kwenye waya mmoja kifutwe na kinachoingia kwenye mwenzake.

Sasa tufike kwenye kizimba.

Wakati ule watu walibishana kama umeme tuli hukaa ndani ya mwili wa kitu au juu yake. Januari 1836 Faraday aliamua kuingia mwenyewe aone. Ndani ya ukumbi wa mihadhara wa Royal Institution alijenga chumba cha fremu ya mbao, futi 12 kila upande, akakizungushia nyaya za shaba, karatasi, na vipande vya karatasi laini ya bati, mpaka chote kikawa kinapitisha umeme. Akakiweka juu ya vitegemeo vya kioo ili umeme usitorokee sakafuni. Kisha akaingia na mishumaa iliyowaka na vipimo vya umeme, na huko nje mashine kubwa ya taasisi ikazungushwa kukijaza chumba umeme kwa nguvu zake zote.

Nje cheche ziliruka kutoka kwenye kuta. Ndani, Faraday hakuhisi kitu. Vipimo vyake havikusogea.

Sababu yake ni rahisi kuliko inavyotisha. Chaji za aina moja husukumana. Zikiwekwa kwenye chuma, ambacho kinaziruhusu kutembea, kila moja hujaribu kukaa mbali na wenzake, na mahali pa mbali zaidi ni juu ya uso wa nje. Ndani panabaki patupu. Si lazima ukuta uwe mnene, kwani bati laini kama karatasi lilitosha. Kinachotakiwa ni uwe umezunguka pande zote.

Unaweza kulijaribu hili leo jioni. Chukua redio ndogo ya betri, ifungulie, iweke ndani ya debe au bati la biskuti la chuma, funga mfuniko wake vizuri. Mawimbi ya redio nayo ni umeme na sumaku vinavyosafiri, na kizimba huwazuia hao pia. Najua kwamba ni ajabu mtangazaji kukufundisha namna ya kumnyamazisha, lakini ukifungua mfuniko tutarudi.

Kwa sababu hiyohiyo mtu aliyejifungia ndani ya gari lenye bodi ya chuma yuko salama zaidi wakati wa radi kuliko aliye kwenye bodaboda au bajaji. Ila tusikosee: nyumba ya tofali iliyoezekwa bati si kizimba cha Faraday. Bati liko juu tu. Kama hakuna waya mnene unaolishusha mpaka ardhini, umeme wa radi utatafuta njia yake mwenyewe kupitia ukutani, kwenye nyaya za taa, au kwa mtu aliyeegemea.

Turudi kwenye bodi. Kisanduku cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhini ni kizimba. Ile mifuko ya kijivu inayong'aa, ambayo bodi mpya huuzwa ndani yake, nayo ni kizimba, kwa sababu ina tabaka jembamba la chuma. Fundi anayeitoa bodi mfukoni na kuilaza juu ya mfuko amekosa maana yake: kizimba hulinda kilicho ndani. Kinachobaki ni shida moja kubwa. Bodi isiyounganishwa na kitu haina kazi. Lazima waya wa kitufe uingie, waya wa kipimo cha tenki uingie, waya wa chaji uingie. Kila waya unatoboa kizimba, na tundu hilo ndilo mlango wa mwizi.

Nyuma ya mlango huo kuna kitu dhaifu mno. Ndani ya chipu, pini ya kupokea ishara huishia kwenye utando usiopitisha umeme wenye unene wa nanomita chache, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mtu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli inapofika kama volti 3,000. Chipu isiyo na kinga inaweza kutobolewa na volti mia chache, au chini ya hapo. Kwa hiyo kuna eneo kubwa ambamo kidole kinaua na mwenye kidole hana habari. Wakati mwingine haiuwi siku hiyo. Inaacha jeraha, bodi inafanya kazi wiki tatu, kisha inazimika bila kuguswa na mtu.

Kinga ya kwanza inatoka kwa Faraday tena. Mwaka 1837 alipima jinsi vitu mbalimbali visivyopitisha umeme, kama kioo na salfa, vikiwekwa kati ya vyuma viwili, vinavyoongeza uwezo wa vyuma hivyo kuhifadhi chaji. Kifaa cha namna hiyo leo ni kapasita, na kila bodi inazo. Kipimo cha uwezo wake kimepewa jina lake: faradi. Faradi moja ni kubwa sana, hivyo tunatumia vipande vyake. Hata wewe una kipimo chako. Wanaopima uimara wa chipu huuchukua mwili wa mtu kama kapasita ya pikofaradi 100.

Hapa hesabu inapendeza. Tuseme mwili wako umejaa volti 8,000, nawe unagusa waya wa kitufe. Mtengenezaji ameweka, pale waya unapoingilia, kapasita ya nanofaradi 100 kati ya waya na ardhi ya bodi. Hiyo ni kubwa mara 1,000 kuliko mwili wako. Chaji yako inamwagika humo kama kikombe cha maji kwenye simtanki, na volti 8,000 zinashuka mpaka karibu 8. Kati ya hapo na pini anaweka rezista, tuseme ya omu 1,000, ya kupunguza kasi ya kile kilichobaki. Vitu viwili vya bei ndogo sana, na bodi inapona. Kwa kitufe, kipimo cha maji au kipimo cha joto, mimi sioni kwa nini mtu aviache.

Haitoshi kila mahali, kwa sababu kapasita kubwa huchelewesha ishara, na waya wa data wa simu hauwezi kungoja. Hapo huwekwa dayodi ya kinga. Hiyo ni kama mlango uliofungwa siku zote, ambao volti zikipita kiwango hufunguka na kuzimwaga ardhini, kisha hufunga. Ila iwekwe mlangoni kabisa, karibu na tundu la waya, na njia yake ya kwenda ardhini iwe fupi. Cheche ya umeme tuli hupanda kwa muda usiofika nanosekunde moja au karibu na hapo. Kwa kasi hiyo hata sentimita moja ya waya inaupinga mkondo na kusimamisha volti mia kadhaa. Ni ile pete ya mwaka 1831 tena, safari hii ndani ya waya mmoja: kinachobadilika ghafla huzaa umeme wa kukipinga.

Kwa fundi wa mezani mambo ni mepesi zaidi. Gusa chuma kilichoungwa na ardhi kabla ya kugusa bodi, ishike kingoni badala ya kwenye pini, usiifungie kwenye nailoni. Ukivaa kamba ya mkononi inayokuunganisha na ardhi, iwe ile yenye rezista ya megaomu moja ndani yake. Rezista hiyo ni ya kukulinda wewe, endapo mkono mwingine utagusa umeme wa TANESCO. Na lolote kati ya haya halizuii radi yenyewe ikipiga nguzo au paa. Kwa hiyo, chomoa nyaya mawingu yanapokusanyika. Usingoje mpaka ngurumo ziko juu ya kichwa.

Faraday alilipa gharama kwa miaka hiyo ya kazi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1830 kumbukumbu ilimtoroka, kichwa kikamzunguka, na mwaka 1841 ilibidi apumzishwe Uswisi. Alirudi kazini, lakini usahaulifu haukumwacha tena. Kwa miaka mingi alikuwa pia mshauri wa mamlaka ya minara ya taa za baharini, akipanda minara yenyewe kukagua taa na mambo ya radi. Katika misimu mingi ya Krismasi aliwafundisha vijana, katika mihadhara aliyoianzisha miaka ya 1820 na ambayo Royal Institution inaendelea nayo hadi leo. Alikataa kuitwa Sir. Alikataa kuwa rais wa Royal Society, mara mbili. Serikali ilipotaka ushauri wake juu ya gesi ya sumu kwa vita vya Crimea, alikataa kushiriki.

Kuhusu hesabu, aliziona nguvu za umeme na sumaku kama mistari iliyojaa angani, akaieleza kwa michoro na maneno. Wenye hesabu zao walimdharau kidogo. James Clerk Maxwell, kijana wa Scotland, hakumdharau. Aliichukua mistari ile akaiweka katika hesabu, na hesabu zikaonyesha kwamba umeme na sumaku vinaweza kusafiri pamoja kama mawimbi. Mjerumani Heinrich Hertz aliyapata mawimbi hayo kwa kweli kuanzia mwaka 1887. Ndiyo hayo yanayokuletea sauti yetu.

Mwaka 1854 Faraday alieleza fumbo lililowasumbua watu wa telegrafu. Nyaya zilizozikwa ardhini au kuzamishwa majini zilichelewesha ishara, tofauti na za nguzoni. Alionyesha kwamba waya wa shaba ndani, utomvu mgumu usiopitisha umeme katikati, na maji nje, vikiwa pamoja ni kapasita moja ndefu ajabu, ambayo lazima ijae kabla ishara haijatoka upande wa pili. Kile kinachoiokoa pini ya kitufe chako ndicho kilichowachelewesha wapelekaji habari.

Mwaka 1858 Malkia Victoria alimpa nyumba ya kuishi Hampton Court. Alifia humo tarehe 25 Agosti 1867, akiwa na miaka 75. Hakutaka kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa; kaburi lake liko Highgate, London, na jiwe lake lina jina na tarehe tu. Miaka 12 baadaye, mwaka 1879, waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, ukipita mbele ya pwani yetu hii ya Mtwara na mdomo wa Ruvuma. Waliouendesha walikuwa tayari wanajua ni kwa nini ishara zake zinachelewa.